Fundo la Nane

Kazi yake ilikuwa kushusha sahani majini na kuitazama mpaka ipotee. Watu wakisikia hivyo mara ya kwanza hucheka, naye hakuwa na kinyongo nao, maana hata yeye alicheka siku alipoelezwa, miaka kumi na tisa iliyopita, akiwa amesimama kwenye gati la bwawa na barua ya ajira mfukoni. Sahani yenyewe ni ya chuma, upana wake kama sinia dogo la chai, imegawanywa vipande vinne, viwili vimepakwa rangi nyeupe na viwili nyeusi. Katikati ina tundu, kwenye tundu kuna kamba, na kamba ina fundo kila baada ya nusu mita. Kila Jumanne, jua likikaribia utosini, mpimaji hupelekwa kwa mashua hadi katikati ya bwawa, hugeukia upande wa kivuli, huiachia sahani ishuke polepole, na pale inapotoweka huhesabu mafundo yaliyozama. Maji yakiwa safi, sahani huonekana mpaka chini sana. Yakiwa na tope, au ule utando wa kijani unaoletwa na mbolea, hupotea mapema. Hakuna mashine wala betri. Kinachoweza kuharibika ni jicho la mtu tu.

Kwa sababu hiyo, utaratibu ulitaka macho ya watu wawili. Mpimaji akishaona sahani imepotea, hutaja fundo kwa sauti. Mpiga makasia naye huinama, hutazama, na kutaja fundo aliloliona yeye. Wakikubaliana, namba inaandikwa kitabuni. Wasipokubaliana, sahani inashushwa tena. Katika miaka kumi na tisa haikuwahi kushushwa tena hata mara moja, jambo ambalo ofisi ililihesabu kuwa sifa.

Jina lake halisi lilibaki kwenye barua ya ajira. Bwawani kote aliitwa Sahani, na hata mkewe alimwita hivyo siku akikasirika. Mpiga makasia aliitwa Nahodha, kwa utani, kwa kuwa mashua yake ilikuwa na urefu wa hatua tano na haikuwahi kwenda popote ila katikati na kurudi. Nahodha alikuwa mtu mzima kuliko yeye, mkimya, mwenye tabia ya kurudia maneno ya mwisho aliyoambiwa na kuishia hapo. Watu wawili kama hao wanaweza kukaa mashua moja maisha yao yote bila kugombana, na bila kujuana pia.

Mwaka wake wa kwanza sahani ilikuwa ikipotea kwenye fundo la nane. Mita nne kamili. Milima iliyolizunguka bwawa ilifunikwa na miti mpaka ukingoni, na mvua ikinyesha, maji yalichuruzika katikati ya majani makavu na kufika bwawani yakiwa yameacha uchafu wao njiani. Mpimaji aliyemtangulia alimkabidhi kamba, kalamu na maagizo mawili: usipime ukiwa na njaa, na andika ulichokiona. Agizo la kwanza hakuwahi kulivunja.

Taabu ilianza miaka minne iliyopita, Jumanne moja isiyo na ubaya wowote. Sahani ilipotea kwenye fundo la saba. Alifikicha macho, akafikiri ni usingizi. Miezi miwili baadaye ilipotea kwenye la sita. Mtu mwingine angesema maji yamechafuka. Yeye alisema macho yamechoka, na alikuwa na sababu zake. Baba yake alikufa haoni mbele wala nyuma. Tena palikuwa na kisa cha msoma mita wa mjini, aliyeanza kusoma tatu kama nane, akahamishiwa getini, akawa anafungua geti kwa kusikiliza honi, na mwaka haukuisha kabla hajaambiwa apumzike nyumbani. Mpimaji wa sahani asiyeona hana hata geti la kuhamishiwa. Unga ungemwagika siku hiyo hiyo.

Basi akaamua kuyasaidia macho yake. Siku sahani ilipopotea kwenye la sita, alisema kwa sauti, "Saba na nusu." Nahodha akainama, akatazama majini kwa muda mrefu kuliko kawaida, akasema, "Saba na nusu." Moyo wa Sahani ukatulia, maana Nahodha alikuwa ameona mwenyewe, na namba aliyoikisia ikawa ndiyo. Aliona kwamba hakudanganya. Alikuwa amekadiria tu kile ambacho jicho zima lingekiona, na jicho zima lilikuwa limethibitisha.

Macho yalivyozidi kupungua, ndivyo mkono ulivyozidi kuongeza. La tano likaandikwa saba. La nne likaandikwa saba na nusu. Mwisho sahani ilikuwa ikipotea kwenye fundo la pili, karibu na mahali unapoweza kuishika kwa mkono, na kitabuni ilisomeka nane kasoro.

Nyumbani alijipima kwa siri. Alisimama upande wa pili wa sebule akasoma kalenda, akaisoma yote, lakini hilo halikumpa ahueni kwa kuwa kalenda aliijua kwa moyo. Akamwomba mkewe aandike neno lolote kwenye karatasi na kulishika akiwa mlangoni. Mkewe aliandika: Nunua chumvi. Alilisoma bila taabu, kisha akakata tamaa, kwa sababu chumvi ilikuwa imeisha kweli na huenda alibahatisha.

Sasa usimwone mjinga. Milima aliiona. Kila Jumanne akiwa majini aliona miti ikipungua, kwanza juu, halafu katikati, halafu ukingoni kabisa. Aliona mashamba ya mahindi yakiteremka kama ngazi, ng'ombe wakinywa maji miguu yao imezama, na baada ya kila mvua, ulimi mwekundu wa udongo ukiingia bwawani kutoka kila korongo. Palepale ukingoni, kwenye mtambo wa kusafisha maji, aliona pia magunia matupu ya shabu yakizidi kuongezeka kwenye uzio. Shabu ni ile dawa nyeupe inayogandisha tope ili lizame, na kila gunia likishaisha lilisuuzwa na kutundikwa likauke. Aliona yote hayo, akayapita.

Na hapa ndipo ofisi ilipomsaidia kupotea. Kamati ya ardhi iliandika kuuliza kama kugawa miteremko kwa wakulima kutayadhuru maji. Ofisi ikafungua kitabu, ikakuta saba na nusu, nane kasoro, nane kasoro, ikajibu kwamba kilimo hakijaonekana kuleta athari yoyote na viwanja vigawiwe. Nakala ya jibu, yenye mhuri wa zambarau, ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo. Sahani aliisoma akiwa amesimama mlangoni, hatua sita kutoka ubaoni, herufi ndogo kuliko mchele, wala hakujiuliza ameisomaje. Alichokiona ni maana yake. Ofisi imechunguza, milima haina hatia, na mhuri upo. Kilichobaki ni macho.

Namba zake mwenyewe zilikuwa zimekwenda ofisini zikarudi zimevaa mhuri, naye akaziamini kama mgeni.

Miteremko ilipogawiwa, mkewe naye alipata eka moja, inayoishia majini kabisa. Mkewe ni mkulima hodari asiyependa kuacha ardhi bure, akalima mpaka hatua ya mwisho, pale ambapo jembe linalowa. Kila msimu alilalamika. "Udongo wa lile shamba unakimbia," alisema. "Nikiweka mbolea leo, mvua ikinyesha kesho, haipo. Inakwenda wapi sijui." Sahani alitikisa kichwa kwa huruma, huku akitafuna hindi la kuchoma kutoka shamba lile lile.

Mambo yangeendelea hivyo mpaka mashua isugue tope, kama si shemeji yake.

Shemeji huyu ni mdogo wa mkewe, wa mwisho kuzaliwa. Aliletwa nyumbani kwao akiwa bado anasoma, akakaa miaka sita, na Sahani ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli, akikimbia nyuma ameshika kiti huku akiapa kwamba hatamwachia. Sasa alikuwa mtia dawa pale mtamboni. Kazi yake ilikuwa kuyatazama maji yanavyoingia, kukadiria shabu, na kuhakikisha mji unafungua bomba na kupata maji yanayoonekana kama maji. Ni mwanamke makini kupita kiasi. Hata chumvi ya mboga huisawazisha kijikoni kwa kisu. Kila Jumamosi mchana alikuja kula kwa dada yake, na Jumamosi hiyo alikuja lakini hakula.

"Shemeji," alisema, akisukuma sahani ya chakula pembeni, "nimepewa siku kumi nijieleze."

"Ujieleze nini?"

"Shabu inakokwenda. Zamani tulikuwa tunatumia magunia matatu kwa siku. Sasa natumia manane. Meneja anasema matano yanatoka getini."

"Magunia matupu si yapo?" aliuliza dada yake. "Si unayatundika pale uani?"

"Anasema gunia tupu linaonyesha limemwagwa, halionyeshi limemwagwa wapi."

"Na mashine ya mtamboni je, ile ya kupimia maji?"

"Iliharibika mwaka ule wa jubilei ya fedha ya ndoa yako, dada. Bado iko njiani kwenda kutengenezwa." Alijifuta jasho kwa kanga. "Nilimpelekea chupa ya maji mpaka mezani kwake. Mekundu, shemeji, kama chai ya rangi. Unajua aliniambia nini? Chupa kila mtu anaweza kuijaza anapotaka. Akafungua kitabu chako. Akaniambia, soma hapa. Nane kasoro. Akaniuliza, kama bwawa liko hivi, wewe unasafisha nini?"

Sahani aliangalia kikombe chake.

"Wewe ndiye unayepima," shemeji akasema. "Niambie kindugu. Yale maji ni safi?"

"Kitabu kinasema nane kasoro."

"Sikukiuliza kitabu."

 Shemeji akachukua mkoba wake, akamwambia dada yake chakula kilikuwa kizuri, chakula ambacho hakukigusa, akaondoka. Aibu aliyoiona Sahani siku hiyo hakuwahi kuiona tangu azaliwe. 

Jumapili nzima alipiga hesabu moja tu. Kama macho yake ni mabovu, basi bwawa ni safi, kitabu kimesema kweli, na yule binti ambaye yeye alimshikia baiskeli ni mwizi. Kama macho yake ni mazima, shemeji hana kosa lolote, na mwongo ni yeye, mwongo wa miaka minne, mwenye saini kwenye kila ukurasa. Asubuhi aliomba awe kipofu. Mchana aliomba asiwe. Jioni mkewe alimuuliza kama anaumwa, akasema ndiyo, macho.

Jumatatu saa mbili alikuwa kwa daktari wa macho, mwanamke mwenye sauti ya taratibu na chumba kidogo chenye feni inayolia. Alikalishwa kitini, akafunikwa jicho la kulia, akaambiwa asome herufi za ukutani. Alizisoma. Akafunikwa la kushoto, akazisoma tena. Daktari akamwambia ajaribu mstari wa mwisho, ambao wengi huushindwa. Aliusoma, akaendelea na maandishi ya chini yake.

"Hayo si sehemu ya kipimo, baba," daktari alisema. "Hilo ni jina la kiwanda cha uchapaji."

"Na namba zao za simu," akasema Sahani kwa huzuni.

Daktari alimmulika kwa kurunzi, akachungulia ndani, akarudi kukaa. "Kwa kusoma gazeti utahitaji miwani siku si nyingi, hilo ni la umri. Lakini kwa kuona mbali, macho haya ni ya kijana. Hongera."

"Tafadhali angalia tena."

"Nimeangalia."

"Hakuna ukungu hata kidogo? Hata kwenye jicho moja?"

Daktari alimtazama kwa makini zaidi kuliko alivyoyatazama macho yake. Katika kazi yake alikuwa amewaona watu wakilia kwa kupewa habari mbaya, lakini huyu alipewa habari njema akawa anambembeleza aifute. Alimwandikia cheti, akagonga mhuri, akamshauri apumzike.

Kwenye benchi la nje alikaa na cheti mapajani. Aliisoma barabara yote: vibao vya maduka, namba za magari, tangazo la mafundi bomba juu ya paa la mbali. Kila alichokisoma kilimshtaki. Alipofika nyumbani alimweleza mkewe mambo yote, tangu fundo la saba la kwanza, bila kuruka.

Mkewe aliacha kupepeta. "Kwa hiyo ule udongo wangu unaokimbia..."

"Uko bwawani."

"Na mdogo wangu anaitwa mwizi."

"Kwa sababu yangu."

Mkewe aliweka ungo chini. Hakupiga kelele, na hilo lilimtisha zaidi. "Vaa viatu, Sahani," alisema. "Ofisi inafungwa saa kumi."

Meneja alikuwa mtu wa umri wa mwanawe, mwenye miwani na tai, aliyeamini karatasi kwa moyo mweupe kabisa. Hakuwa mbaya. Alikuwa hajawahi kufika katikati ya bwawa, kwa kuwa kila kilichokuwa huko kiliandikwa na kuletwa mezani kwake. Alimsikiliza Sahani mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa upole.

"Mzee, mimi nakuheshimu sana. Lakini huyu ni shemeji yako."

"Ndiyo, bosi."

"Unamkingia kifua. Naelewa. Hata mimi nina shemeji."

"Simkingii. Mimi ndiye niliyemfikisha hapo. Nimeandika uongo."

"Miaka kumi na tisa hujakosea hata mara moja."

"Nimekosea Jumanne mia mbili."

Meneja alifungua kitabu, akapekua kurasa kadhaa. "Kitabu hakionyeshi hivyo."

"Hakiwezi kuonyesha. Mimi ndiye niliyekiandika."

"Na kila ukurasa una shahidi. Mpiga makasia ameona, amekubali." Meneja alifunga kitabu taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto shuka. Sahani akakumbuka cheti, akakitoa, akakiweka mezani. Meneja alikisoma mara mbili na uso wake ukang'aa. "Hapa daktari anasema unaona vizuri kabisa."

"Ndiyo."

"Basi ulichoandika ndicho ulichokiona."

 Ilimjia Sahani kwamba angeweza kuinuka, kushukuru na kwenda zake, na hakuna mtu duniani ambaye angemsumbua tena mpaka atakapostaafu. Kiti kilikuwa laini na mlango ulikuwa wazi. Alipiga moyo konde.

"Kesho ni Jumanne," alisema. "Njoo uone mwenyewe, bosi. Kama sahani itafika hata fundo la nne, nifukuze mimi pamoja na yeye."

Siku ya pili walikuwa wanne mashuani: Nahodha kwenye makasia, Sahani na kamba yake, shemeji nyuma kabisa, na meneja katikati, amevaa jaketi la kuokolea juu ya tai, ameshika kingo zote mbili. Jua lilikuwa kali na maji yametulia. Meneja aliangalia milima kwa mara ya kwanza akiwa chini yake, ikiwa uchi kutoka kileleni hadi majini, na akauliza miti ilikwenda wapi.  Nahodha alisimamisha mashua mahali pa siku zote.

Sahani aligeukia upande wa kivuli, akamwomba meneja ainame, akaiachia kamba. Fundo la kwanza likazama. Sahani ya chuma ikawa ya njano, ikawa ya kahawia. Fundo la pili likazama, na haikuwepo tena.

"Endelea," alisema meneja.

"Imekwishapotea, bosi."

"Ngoja kwanza." Meneja alivua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa. "Ishushe tena."

Ilishushwa tena. Ikapotea palepale. Meneja alibaki ameinama, pua yake ikikaribia maji. Alipoinuka, uso wake ulikuwa na kitu ambacho Sahani alikifahamu vizuri mno, maana alikuwa amekibeba miaka minne.

"Miwani hii ni ya zamani," alisema meneja kwa sauti ndogo. "Nilikuwa nataka kwenda kuibadilisha."

"Hata wewe, bosi?" akasema shemeji kutoka nyuma. Lilikuwa neno lake la kwanza siku hiyo.

Hapo ndipo Nahodha alipolaza makasia. "Mimi naiona inapotelea hapo hapo," alisema. "Tangu mwaka juzi. Kabla ya hapo ilikuwa la nne. Kabla yake la tano."

Wote watatu walimgeukia. Nahodha hakuwahi kusema maneno mengi kiasi hicho kwa mfululizo, na ilionekana yanamuuma.

"Sasa mbona ulikuwa unakubali?" aliuliza Sahani. "Nikisema saba na nusu, unasema saba na nusu."

"Nilijua wewe unaona. Nikasema basi, macho yangu ndiyo yamekwisha." Nahodha alitazama viganja vyake. "Mashua haimtaki mtu asiyeona. Nikawa nayasaidia."

Mashua ilizunguka polepole, kwa kuwa hakuna aliyeishika. Miaka minne wazee wawili walikuwa wamekaa uso kwa uso kila Jumanne, kila mmoja akificha upofu ambao hakuwa nao, kila mmoja akiazima macho ya mwenzake. Sahani alitaka kucheka, na kweli alianza, lakini alipomwona shemeji yake aliacha.

Barua iliyomtaka shemeji ajieleze ilifutwa Ijumaa ile. Barua ya pili ilisema uchunguzi umekamilika na aendelee na majukumu yake, na haikuwa na neno pole mahali popote. Jibu la mhuri wa zambarau lilibanduliwa ubaoni, likabandikwa jingine, lenye mhuri ule ule, likisema hatua sitini kutoka majini zisilimwe, zioteshwe nyasi na miti. Mahindi ya mkewe Sahani yote yalikuwa ndani ya hatua hizo. Aliyavuna yakiwa mabichi, akapanda miche, na kwa majuma mawili alimwita mumewe Sahani hata asipokuwa na hasira.

Sahani hakufukuzwa. Alipewa onyo kali na kuamriwa asahihishe kitabu. Alipewa kalamu nyekundu na chumba. Akafungua ukurasa wa kwanza wa uongo, akakata namba kwa mstari, akataka kuandika ya kweli pembeni. Hakuwa nayo. Alikuwa na la sita la kwanza kichwani, na la pili la mwisho. Yaliyokuwa katikati, mvua kwa mvua, shamba kwa shamba, hakuna mtu aliyekuwa ameyaandika, na bwawa halirudii. Alikata mistari mia mbili. Ilimchukua siku mbili, na siku zote mbili alikuwa mgonjwa wa huzuni, asiweze kumwambia mtu anaumwa wapi.

Utaratibu nao ulibadilishwa. Macho sasa yalitakiwa kuwa ya watu watatu, na wa tatu akawa mtia dawa. Kila Jumanne shemeji alishuka gatini, akakaa nyuma kabisa, akasubiri. Wa kwanza kutaja fundo alikuwa yeye.

"Mbili," alisema.

"Mbili," alisema Nahodha.

"Mbili," alisema Sahani, akaandika mbili.

Kwa majuma matano shemeji hakumwambia neno jingine zaidi ya namba, na Jumamosi hakuja kula. Juma la sita, Sahani alipokwisha kuandika na kuvuta kamba, shemeji alisema, "Daktari alisema macho yako hayana tatizo?"

"Alisema hivyo, shemeji."

"Kwa mbali unaona vizuri."

"Naona."

Shemeji alinyoosha mkono kuelekea ukingoni, kwenye mtambo. Hapakuwa mbali. Mlango wa bluu ulionekana, ndoo ilionekana, na kwenye uzio wote, kutoka pembe hadi pembe, yalitundikwa magunia matupu, yamesuuzwa, yamepangwa kwa mstari, meupe juani.

"Na yale?" aliuliza.

Sahani aliyatazama. "Yanaonekana."

"Tangu lini?"

Alijua ni tangu lini. Alitaka kusema jambo kuhusu baba yake, kuhusu msoma mita, kuhusu geti. 

"Basi," alisema shemeji, akageuza uso mbele. "Nahodha, twende."

Nahodha alishika makasia. Njia nzima ya kurudi Sahani alikuwa akiyahesabu magunia, moja moja, mpaka mashua ikagusa gati. Yalikuwa hamsini na sita, na aliyaona yote.